Dada hawezi kujitwika beseni la dagaa na ANA imetoka hasi: kipimo cha kingamwili za misuli ni cha nini?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Kigoma mjini. Dada yangu ana miaka 41, anauza dagaa pale Kibirizi. Huu mwezi wa nne mikono na mapaja yake yamekwisha nguvu. Hawezi kujitwika beseni, hawezi kujisuka, akikaa kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono ndipo ainuke. Ana kikohozi kikavu. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, baadaye akaambiwa ini lina shida kwa kuwa vipimo vya ini vilikuwa juu. Daktari mwingine akapima CK, kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu misuli ikiumia, ikawa 4,860, akasema huenda kinga ya mwili inashambulia misuli (mayositisi). ANA, kipimo cha kingamwili (protini za kinga) zinazoshambulia kiini cha seli, imetoka hasi. Sasa daktari anataka paneli ya kingamwili za misuli, damu isafirishwe nje ya mkoa, na bei yake si ya kitoto. Kama ANA ni hasi, hiyo nyingine ya nini? Nayo ikitoka hasi, ina maana hana ugonjwa? Dawa zisubiri majibu? Na watoto wake wapimwe?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Naanza na swali lako la dawa kwa sababu ndilo lenye haraka. Dawa zisisubiri majibu ya paneli. Damu ichukuliwe kwanza, vipimo vya usalama nitakavyovitaja chini vifanyike, kisha matibabu yaanze huku majibu yakiwa njiani. Misuli ikishambuliwa kwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka mafuta na makovu, na ikifika hapo hakuna dawa ya kuirudisha.

Tuwekane sawa pia kuhusu kazi ya kipimo chenyewe. Kinachoonyesha kwamba dada yako anaumwa misuli ni beseni lisilopanda kichwani, hiyo CK, na mikono ya daktari anayempima nguvu. Kingamwili zinasaidia kujua anaumwa aina gani, na kiungo gani kingine kiangaliwe kabla hakijaharibika. Ukitegemea kipimo cha damu kikuambie kama ni mgonjwa au si mgonjwa, kitakupotosha, kwa chanya yake na kwa hasi yake.

Hiyo habari ya ini naisikia mno. Vimeng'enya vya AST na ALT, ambavyo kwenye karatasi huandikwa chini ya kichwa "vipimo vya ini", vimo pia ndani ya misuli. Misuli ikipasuka humwaga CK, na humwaga hivyo viwili pamoja nayo. Ukitaka kujua kama ini linahusika kweli, pima GGT, kimeng'enya kingine cha ini ambacho misuli haina. Ikiwa GGT na bilirubini ziko sawa, na CK iko kwenye maelfu, mwacheni ini apumzike, na mitishamba ya "kusafisha ini" iachwe leo hii. Kuhusu taifodi nitasema kwa ufupi tu: kipimo cha Widal cha mara moja, kwa mtu anayeishi sehemu ambayo ugonjwa huo upo siku zote, hakithibitishi chochote. Nimechoka kukutana na wagonjwa waliomaliza dozi tatu za taifodi ambayo hawakuwa nayo.

Je, CK ya 4,860 ni kubwa kiasi gani? Maabara nyingi huweka mpaka wa juu kwenye 200 hivi. Watu weusi huwa na CK ya juu kidogo hata wakiwa wazima, kazi nzito huipandisha, na sindano ya takoni huipandisha pia. Kwa hiyo mtu mwenye 350 aliyeshinda anabeba magunia simpi ugonjwa. Lakini maelfu hayaletwi na beseni la dagaa. Hapo kuna misuli inayokufa, na swali linakuwa inauawa na nini. Kabla ya kuilaumu kinga ya mwili, daktari anatakiwa aulize dawa zote anazotumia (hasa zile za kushusha lehemu, jamii ya statini), apime VVU, apime homoni ya tezi ya shingo, na apime potasiamu. Tezi iliyolala peke yake inaweza kudhoofisha mapaja na kupandisha CK, na kipimo chake ni rahisi kuliko paneli unayoulizia.

Kuna tofauti pia kati ya kuchoka na kukosa nguvu. Aliyechoka huinuka kigodani huku akinung'unika. Aliyekosa nguvu hainuki. Mkalishe dada yako kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, umwambie asimame na kukaa mara tano, halafu umpigie picha ya video kwa simu. Kisha alale chali, ainue kichwa kutoka kwenye mto, akishikilie hapo. Wagonjwa wengi wa namna hii shingo ya mbele huwashinda. Video hizo mpelekee daktari. Baada ya wiki sita za dawa mpige nyingine. Mtajifunza zaidi kutoka humo kuliko kwenye kurudia kingamwili kila mwezi, jambo ambalo sioni sababu yake: ufuatiliaji ni wa nguvu, CK na mapafu.

Sasa ANA. Kipimo hiki, kikifanywa kwa njia yake ya asili, huweka majimaji ya damu ya mgonjwa juu ya seli zilizotandazwa kwenye kioo, kisha mtaalamu anaangalia kwa hadubini kama kiini cha seli kinang'aa. Kinatafuta kingamwili zinazoshambulia vitu vilivyomo ndani ya kiini. Ni kizuri kwa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili. Tatizo ni kwamba kingamwili kadhaa za misuli hazina shida na kiini. Jo-1, iliyo maarufu kuliko zote na iliyoelezwa mwaka 1980, hushambulia kimeng'enya kinachofanya kazi nje ya kiini, kwenye uteute wa seli: kile kinachoipachika asidi amino ya histidini kwenye tRNA yake (molekuli inayoibeba) wakati seli inatengeneza protini. Seli ya mgonjwa wa Jo-1 kwa hiyo inaweza kuwa na kiini cheusi ti, huku uteute unaokizunguka ukimeta vidoa vidoa. Msomaji makini ataandika hivyo. Mwenye foleni ya vioo mbele yake ataandika "ANA: hasi", na haongopi, kwa kuwa ameulizwa habari za kiini tu. Muulizeni mtu wa maabara swali moja: kwenye kioo kile, nje ya kiini kulikuwa na mng'ao? Kama kipimo kilifanywa kwa mashine bila hadubini, swali hilo halina jibu, na hasi hiyo haina uzito kwa ugonjwa huu.

Upande wa pili nao upo. ANA chanya kidogo haimfanyi mtu mgonjwa. Damu ikizimuliwa mara 80, watu wazima wenye afya kama 13 katika kila 100 bado watatoka chanya.

Paneli inafanya kazi namna nyingine. Ni ukanda mwembamba, umepakwa mistari ya protini, kila mstari protini yake: Jo-1, PL-7, PL-12, EJ, OJ, Mi-2, MDA5, TIF1-gamma, NXP2, SRP na kadhalika. Ukanda hulowekwa kwenye majimaji ya damu yaliyozimuliwa. Kingamwili ikiwepo hung'ang'ania mstari wake, na dawa ya rangi inaufanya mstari huo ujitokeze. Kisha mtu au mashine husoma ukolezo: hasi, hafifu, chanya, chanya kali.

Hapo kwenye "hafifu" ndipo watu wanapotumbukia. Mstari wa kijivu unaoonekana ukigeuzia karatasi dirishani si hukumu. Mimi huuamini ukiendana na mwili wa mgonjwa, la sivyo nauacha. Na mistari miwili mahususi ikitokea pamoja, tuseme Jo-1 na Mi-2, naanza kutilia shaka angalau mmoja, maana kwa kawaida mgonjwa hubeba moja tu ya kingamwili hizi. Ro52, kingamwili nyingine inayopimwa pamoja na hizi, haimo kwenye hesabu hiyo. Hiyo hupenda kuandamana na wenzake, na ikiandamana na Jo-1 huwa inanifanya niyaangalie mapafu kwa jicho kali zaidi.

Tuje kwa dada yako mwenyewe. Udhaifu wa mabega na mapaja pamoja na kikohozi kikavu unanipeleka moja kwa moja kwenye ukoo wa Jo-1. Humo wamo pia PL-7, PL-12, EJ na OJ, kila mmoja na kimeng'enya chake cha kupachika asidi amino. Wanaobeba kingamwili hizi wengi hupata mapafu yanayokakamaa kwa uvimbe na makovu, wengine viungo vya vidole kuuma asubuhi, wengine homa isiyoeleweka. Kwa PL-7 na PL-12 mapafu yanaweza kutangulia, misuli ikawa haina neno.

Angalia viganja vyake. Ugonjwa huu huleta ngozi ngumu, yenye magamba na mipasuko, kwenye ubavu wa kidole gumba na ubavu wa shahada, pale vinapokutana. Najua utasema mwuza dagaa gani asiye na mikono iliyopasuka kwa chumvi na mchanga. Ni kweli, na ndiyo maana nasema angalia mahali. Mikono ya chumvi hupasuka kote, hata katikati ya kiganja na kisiginoni mwa mkono, na hupona akipumzika wiki mbili. Muulize pia: akishika barafu ya kuhifadhia samaki, vidole hubadilika rangi na kufa ganzi kuliko vya wenzake? Hilo nalo mwelezeni daktari.

Halafu kope za juu na vifundo vya vidole. Kama ni ile aina ya misuli na ngozi, dermatomayositisi, vitabu vingi huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe, na kwetu mtu anautafuta wekundu asiuone. Kwenye ngozi nyeusi huwa ni weusi wa kuelekea zambarau, au kijivu, kwenye kope, kifuani juu, na vijiuvimbe bapa juu ya vifundo vya vidole. Akiwa navyo, kingamwili zinazotafutwa ni nyingine. Mi-2 ni afadhali, kwa kuwa huitikia dawa vizuri. MDA5 inatisha: misuli inaweza kuwa na nguvu karibu zote, ngozi ya vidole ikatoboka vidonda, na mapafu yakaporomoka ndani ya wiki chache. TIF1-gamma na NXP2, kwa mtu mzima, hutupa wajibu wa kutafuta saratani, hasa katika miaka mitatu kabla na baada ya ugonjwa kuanza. Kwa mwanamke wa miaka 41 hiyo ni kumchunguza matiti, mlango wa kizazi, ultrasaundi ya nyonga na tumbo, na picha ya kifua. Mtoto mwenye kingamwili hizo hizo habebi mzigo huo wa saratani, na nalisema ili usije ukasoma mahali ukaogopa.

Zimebaki SRP na HMGCR. Hizi ni za misuli kufa kwa wingi bila mapele, CK ikipaa kwenye maelfu kama ya dada yako au zaidi. HMGCR inajulikana kwa waliotumia statini, ingawa wapo wanaoipata bila kuzigusa. Kuacha kidonge peke yake hakutoshi hapo, kinga ikishaanza kushambulia huendelea hata kidonge kikiwa jalalani. Paneli nyingine hazina mstari wa HMGCR na hupimwa kando, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Na ikitoka hasi? Kati ya wagonjwa 10 wenye ugonjwa huu, sita au saba hukutwa na kingamwili mahususi. Waliobaki hawana, au wana ambazo ukanda haukupakwa. Mwaka 2017 vyama vya wataalamu wa magonjwa ya baridi yabisi vya Ulaya na Marekani vilitoa vigezo vya pamoja vya kuutambua ugonjwa, na ndani yake kingamwili iliyopewa alama ni Jo-1 peke yake. Mtu anaweza kuvifikia bila kingamwili yoyote. Kwa hiyo hasi haimwondoi dada yako. Itasukuma hatua nyingine: kipimo cha umeme wa misuli, MRI ya mapaja ikipatikana, na kuchukua kinyama cha msuli. Kinyama ndicho kitakachosema pia kama ni ugonjwa wa kurithi, ambao hupandisha CK vilevile na mara nyingine umetibiwa kwa prednisoloni (dawa ya kushusha kinga) miaka nenda rudi bila faida. Ila ule huanza taratibu, kwa miaka. Miezi minne ni haraka mno.

Kuhusu pesa, kama mnalazimika kuchagua, mimi ningeanza na mapafu. Kipimo cha CT cha kifua na cha kupumua, au hata kumtembeza dakika sita akiwa na kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, vitabadilisha matibabu yake mwezi huu. Eksirei ya kawaida inaweza kupita bila kuona uvimbe wa mwanzo. Kisha ulizeni kama maabara ina paneli ya ENA, yaani ya kingamwili za protini chache za seli. Mara nyingi ni nafuu kuliko ya misuli, na mara nyingi ina Jo-1 na Ro52 ndani yake, pamoja na U1RNP inayohusu magonjwa mchanganyiko. Kwa dalili za dada yako, ENA inaweza kuwapa jibu lote mnalolihitaji kwa sasa. Ikitoka hasi, ndipo paneli kubwa. Kama mna bima, muulizeni ofisi yao kabla damu haijatolewa, si baada.

Damu yenyewe haina makuu. Hahitaji kufunga. Huchukuliwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, ikaachwa igande, ikazungushwa, na yale majimaji ya juu yakahamishiwa kwenye chupa safi kabla ya safari. Chupa ya damu nzima ikipanda basi kutoka Kigoma hadi Mwanza kwenye joto, seli hupasuka na vipimo vingine kama potasiamu na AST huharibika. Kingamwili ni ngumu, hukaa kwenye friji siku kadhaa na husafiri vizuri kwenye kisanduku cha barafu. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoziumiza. Na kama ameshameza prednisoloni wiki moja au mbili, usihuzunike: CK itakuwa imeshuka na kinyama kitakuwa kigumu kusoma, lakini kingamwili bado zitakuwemo.

Kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni, hivi nilivyoviita vipimo vya usalama: makohozi kwa GeneXpert, maana kikohozi chake kinaweza kuwa kifua kikuu, na prednisoloni bila kukijua ni hatari, VVU, homa ya ini B, sukari na presha, ujauzito, kwa kuwa methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, ikija kuongezwa humdhuru mtoto tumboni. Na minyoo ya strongiloidesi, ambayo huingia kupitia nyayo za anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na kinga ikishushwa kwa dozi kubwa huzaana na kusambaa mwili mzima. Kama hawawezi kuipima, mwombeni daktari amtibu kwa aivamektini kabla. Baada ya hapo, asiache prednisoloni ghafla hata akijisikia mzima, na asiruhusu mtu wa duka la dawa ampunguzie dozi.

Akianza kupaliwa na maji, chakula kikawa kinakwama kooni au kinarudi puani, sauti ikabadilika, au akawa anahema akivaa nguo tu, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo, na muulizie rufaa ya Bugando au Muhimbili.

Watoto wake hawahitaji kupimwa kingamwili. Ugonjwa huu hauambukizi, na hata kwenye familia yenye mgonjwa mmoja ni nadra kumpata wa pili. Atakayekuja kuwa mdhaifu wa mapaja apimwe CK kama mtu mwingine yeyote.